Re: PCN imetua nyumbani, bangaloo ina AOC

Mama Pendo (Lincolnshire, Uingereza):
Salaam wanajumuiya. Halmashauri wametuletea PCN, yaani notisi ya kutuhoji kama tumevunja masharti ya kibali cha ujenzi. Kumbe bangaloo tuliyopanga nje ya Spalding ina AOC tangu ijengwe, yaani sharti kwamba akae mtu wa kilimo tu, na wakala hakutuambia kitu! Mimi nafanya keya (kuhudumia wasiojiweza), mzee yuko pakihausi anafungasha kabichi na koliflawa. Fomu inataka kazi ya kila mkaaji, mwajiri wake na tangu lini. Je, pakihausi inahesabika kilimo?

Babu wa Boston:
Pole mwanangu. Msiikalie hiyo barua. Siku 21 zikipita bila jibu ni kosa la jinai, na kuandika uongo ni kosa vilevile. Sisi pia tulipanga nyumba ya shambani, kodi nafuu, matope ya trekta mpaka kizingitini. Mwenye nyumba akatuapia kwamba sharti lilishakufa. Halikufa. Linafuata nyumba, halijali mkataba wenu unasemaje. Tulihama wakati wa baridi, watoto wako shule.

Mwanasheria Mstaafu:
Babu, usimtishe. Kama waliokaa humo si wakulima kwa miaka 10 mfululizo, mwenye nyumba aombe CLEUD (cheti kwamba ukaaji huo sasa ni halali), basi.

Babu wa Boston:
Basi vipi? Akiingia mkulima hapo katikati, hesabu inaanza upya. Ushahidi ni juu ya mwombaji: mikataba, bili, viapo. Na kama ukweli ulifichwa makusudi, tangu sheria ya 2011 (Localism Act) halmashauri wanaweza kwenda mahakamani hata muda ukiwa umepita. Wakitoa BCN (notisi ya kuamuru sharti litimizwe), haina rufaa kwa Waziri.

Mjane wa Somerset:
Dada, soma sharti lenyewe neno kwa neno. La kwetu linamtaja anayefanya kazi hasa, au aliyefanya mara ya mwisho, kwenye kilimo au misitu eneo hilo, pamoja na mjane wake na wanaomtegemea. Marehemu mume wangu alikuwa mkamuaji. Alipofariki niliambiwa nifungashe vyombo. Nikawaonyesha neno "mjane". Niko hapa mpaka leo.

Mama Pendo:
Asante dada, Mungu akutunze. Lakini pakihausi je?

Mwanasheria Mstaafu:
Fungua kifungu cha 336 cha sheria ya mipango miji ya 1990, ndipo kilimo kinapoelezwa: bustani, matunda, maziwa, mifugo, malisho. Kufungasha hakutajwa. Shamba likifungasha mavuno yake lenyewe, hiyo ni sehemu ya kilimo. Kiwanda kinachopokea malori kutoka Hispania ni habari nyingine.

Mama Pendo:
Kwa mzee vinaingia vyote viwili. Kiangazi kabichi za jirani, baridi za nje.

Baba Wawili (Kent):
Sharti hili linaonea wapangaji. Nyumba inauzwa chini ya bei, mabenki yanaikwepa, halafu anayesumbuliwa ni mbeba maboksi.

Mjane wa Somerset:
Usilitukane, kaka. Tangu 1947 huku mashambani hawaruhusu kujenga ovyo. Mkulima alipewa kibali kwa sababu ng'ombe huzaa usiku wa manane. Bila sharti, matajiri wa London wangenunua zote, na mkamuaji angelala wapi?

Baba Wawili:
Kwetu Rungwe unajenga kando ya migomba, hakuna wa kukuuliza unalima au una duka. Nikikumbuka ule ukungu wa asubuhi Tukuyu, natamani kurudi kesho.

Babu wa Boston:
Si kweli! Ardhi ya kijiji ina sheria yake ya 1999, na halmashauri ya kijiji itakuuliza. Wewe ulishachukua pasi ya hapa, kwa hiyo umeshapoteza uraia wa Tanzania. Utapewa ardhi kama nani?

Nyambura (Reading):
Sisi Wakenya uraia pacha tuliupata kwenye Katiba ya 2010. Nyinyi mnangoja nini?

Baba Wawili:
Tunangoja wabunge. Kila mwaka tunatuma pesa, tunasomesha, tunazika, lakini shamba la marehemu baba bado haliko kwa jina langu. Nitalifungulia mada yake hili, maana linaniuma.