Tupeane uzoefu: Abismo de pasión na ugomvi tuliourithi kwa marehemu

Mleta mada (Tanga):
Nimemaliza kuitazama kwa mara ya pili Abismo de pasión, tamthilia ya Televisa iliyorushwa Meksiko mwaka 2012, na safari hii sikuwafuatilia sana wapenzi wakuu, Elisa na Damián, niliwafuatilia marehemu. Kwa asiyeijua, kisa kinatokea La Ermita, mji wa kubuni huko Yucatán. Gari linapata ajali na wanakufa watu wawili: Estefanía, mke wa Augusto Castañón, na Rosendo, mume wa Alfonsina Arango. Mji mzima unaamini kwamba walikuwa wapenzi, ilhali aliyekuwa na mahusiano na Rosendo ni Carmina, dada wa Estefanía. Carmina ananyamaza, anamwacha dada yake azikwe na aibu isiyo yake, kisha anaolewa na mgane yuleyule. Watoto wa nyumba hizo mbili waliokuwa wakicheza pamoja, Elisa binti wa Augusto na Damián mwana wa Alfonsina, wanakua wakiwa wamebebeshwa uhasama huo.

Kwetu marehemu ni babu. Inasemekana kwamba alipokuwa mahututi alitamka kuwa shamba la minazi ni la baba mkubwa peke yake. Aliyeyasikia maneno hayo ni mtu mmoja tu, naye alikuwa na faida yake katika kile alichokisikia. Tangu hapo nyumba hizi mbili hazijala sahani moja. Naomba tupeane uzoefu: ni nani mwingine aliyelelewa ndani ya ugomvi ambao shahidi wake mkuu yuko kaburini, na tamthilia hii ilimkuta katika hali gani?

Mchangiaji wa kwanza (Morogoro):
Mimi kilichonishika ni sura ya Elisa. Baba yake anamchukia kwa sababu amefanana na mama yake, na kila anapomtazama anamwona mke anayeamini kwamba alimsaliti. Nilipofika hapo nilizima televisheni, nikatoka nje.

Nimefanana na shangazi yangu aliyefariki kabla sijaanza shule. Shangazi alituhumiwa kwamba alitumia fedha zilizochangwa na ukoo kwa ajili ya matibabu ya babu, na akafa kabla ya kuulizwa kwa utulivu. Bibi alinipenda, sina shaka na hilo, lakini hakuweza kunitazama usoni kwa muda mrefu. Nilipomletea chai aliipokea akiwa anaangalia mlango. Nilidhani ni uzee. Nilikuwa na miaka 22 mama aliponieleza kwamba stakabadhi za hospitali zilikuja kuonekana chini ya kasha la nguo, zimekunjwa vizuri, na jumla yake ililingana na mchango wote. Hakuna aliyeitisha kikao cha kumsafisha. Watu waliacha tu kumtaja, na kuacha kumtaja kukahesabiwa kuwa ndiko kumsamehe. Angalau Elisa alikuwa na watu wa kuwagombeza.

Mchangiaji wa pili (Dar es Salaam):
Mimi niliitazama kwa tafsiri ya DJ, ile ambayo mtu mmoja anawasemea wahusika wote, wanaume kwa wanawake, na kuongeza yake pale anapoona kimya kimezidi. Yeye alimwita Carmina "mama mdogo", na neno hilo moja lilibadilisha tamthilia nzima katika nyumba yetu. Nyanya yangu aliposikia kwamba mama mdogo ameolewa na mume wa marehemu dada yake, hakuona ubaya wowote. Alisema huyo ni mwanamke mwenye utu, amekwenda kumlea mtoto wa dada yake asiangukie mikononi mwa mgeni. Ilitubidi tumrudishie nyuma kile kipande kinachoonyesha kwamba Carmina ndiye aliyekuwa na Rosendo. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema kwamba kumbe mtoto alilelewa na mtu aliyekuwa akiuchunga uongo wake mwenyewe. Nimesoma maoni mengi kuhusu tamthilia hii na sijakutana na lililoipita kauli hiyo.

Mchangiaji wa tatu (Mombasa):
Naomba kutofautiana nanyi kidogo. Kila mtu anamlaumu Carmina, nami nasema Augusto na Alfonsina walikuwa watu wazima wenye akili, na hakuna aliyewalazimisha kuamini. Marehemu baba yangu aliishi miaka mingi bila kusemezana na rafiki yake wa utotoni kwa neno aliloletewa na mtu wa tatu. Nilipomuuliza kwa nini hakwenda kumuuliza mwenyewe, alinijibu kwamba angejuaje kama angejibiwa kweli. Alfonsina ni vivyo hivyo. Anaona heri kumpeleka Damián mbali hadi Italia kuliko kukaa na Augusto nusu saa. Kijana anarudi na mchumba, Florencia, na bado moyo unamrudisha kwa Elisa. Watu wanaliita jambo hilo majaaliwa. Mimi naona mama alimhamisha mwanawe, ambaye hakuhitaji kuhamishwa, akakiacha palepale kilichohitaji kuzungumzwa.

Mchangiaji wa nne (Lushoto):
Langu ni dogo. Familia zile zimo katika biashara ya pilipili, ile kali ya Yucatán inayoitwa habanero, ambayo ni jamaa wa karibu wa pilipili mbuzi yetu. Mimi nalima pilipili mbuzi. Ni kweli kwamba mtu anaweza kusahau kosa la jirani, lakini hasahau mpaka wa shamba.

Mchangiaji wa kwanza (Morogoro):
Kwa mwenye nafasi, itafuteni pia Cañaveral de pasiones ya mwaka 1996, ambayo ndiyo iliyorudiwa kuwa hii. Ndani yake kuna mashamba ya miwa badala ya pilipili, na Daniela Castro na Juan Soler ndio wapenzi wakuu. Ajali ni ileile na fitina ya dada ni ileile. Niliitazama nikitumaini kwamba labda safari hii mtu atauliza mapema. Hakuna aliyeuliza.

Mleta mada (Tanga):
Nawashukuru, hasa kwa habari ya zile stakabadhi, ambayo imeninyima usingizi. Juzi nilimtumia ndugu yangu, mtoto wa baba mkubwa, jina la tamthilia hii bila maelezo yoyote. Tulikuwa tukipanda minazi ileile pamoja kabla babu hajafariki, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwandikia baada ya miaka 11. Amejibu leo asubuhi kwa sentensi moja: amefika kipindi cha 14, na Carmina bado hajasema.