Kila kibofu kikiuma ni UTI? Mmenilisha antibayotiki za bure, nimechoka!

Wakuu, salamu kwenu. Mnivumilie leo, naandika hasira zikiwa bado za moto.

Hivi nani aliwaambia madaktari wetu kwamba mwanamke akilalamika kibofu basi ni UTI? Unaingia, unakojolea kikopo, baada ya muda unaitwa: "UTI, dada." Unapewa sipro, antibayotiki. Ikirudi, azuma, antibayotiki nyingine. Ikirudi tena inabatizwa "UTI sugu", unaanza kuchomwa sindano asubuhi na jioni. Hakuna aliyesema mkojo uoteshwe maabara, ionekane kama kuna bakteria! Nilipong'ang'ania, haukuota kitu. Daktari akaisoma ile karatasi, akaikunja, akaniandikia sipro tena. Sasa inaenda kuua nini?

Na sipro si pipi. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilishaonya 2016 kwamba dawa za kundi hilo zisipewe mtu wa UTI ya kawaida kama zipo nyingine, maana zinaweza kuharibu kano na mishipa ya fahamu.

Bingwa wa mfumo wa mkojo yeye alianza kwa kuuliza: maumivu yanazidi kibofu kikijaa, yanapoa ukishakojoa? Ndiyo, kila siku! Akahakikisha kwanza si kichocho, TB wala saratani, akapitisha kamera hadi ndani ya kibofu. Vidonda hivi hapa, ukutani mwa kibofu. Interstisho sistaitisi, yaani maumivu sugu ya kibofu yasiyotokana na bakteria, yenye vidonda vya Hunner. Guy Hunner, daktari wa Marekani, aliviandika 1915. Ugonjwa ni adimu, hilo sibishi. Ila kuotesha mkojo nako ni adimu?

Vidonda vimeunguzwa nikiwa kwenye nusu kaputi. Usiku nameza amitriptilini, miligramu 10; ni dawa ya sonona, ila kwa dozi ndogo hutuliza maumivu. Kahawa na ndimu nimeacha, pilipili pia (hiyo ndiyo imeniuma, mimi mtu wa Tanga). Haiponi moja kwa moja, vidonda vinaweza kurudi, lakini angalau nalala.

Sasa kituko. Duka la dawa, binti wa kaunta kasoma cheti, kanipandisha kanishusha, kauliza foleni nzima isikie: "Dada, hii si ya wagonjwa wa akili?" Bima nao wamegoma kulipa, eti dawa haiendani na ugonjwa. Zile sindano za UTI isiyokuwepo walilipa zote, hakuna aliyeuliza!

Aliyewahi kupewa kibali na bima kwa ugonjwa huu aje aseme alipitia mlango gani. Wauza "dawa ya kusafisha kibofu" msije PM.