Testosteroni imetoka chini, anauziwa kichupa gym: aanzie wapi?

Kaka_Mkubwa
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu ana miaka 36, kilo 98, ana mtoto mmoja na mkewe wanatafuta wa pili. Uchovu haumwishi, hamu ya tendo imeshuka. Alipima testosteroni, homoni ya kiume, saa tisa alasiri, ikatoka 8.9 nmol/L. Mwalimu wa gym anamuuzia kichupa cha ml 10 kilichoandikwa enanthate, yaani testosteroni ya sindano, mg 250 kwa kila ml, ajichome ml 1 kila wiki. Anamwambia hospitali watamzungusha tu. Nimshauri nini, na matibabu ya hospitali yanakwendaje hasa?

Daktari_Homoni
Mkuu, kwa kipimo hicho ni kama bado hajapima. Homoni hii huwa juu asubuhi na hushuka kadiri siku inavyosonga, na chakula huishusha zaidi. Jibu la saa tisa alasiri, mtu ameshakula mchana, halitoshi kumwanzishia dawa. Atolewe damu kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi kabla hata ya kunywa chai, kisha arudie siku nyingine vilevile. Kama ana malaria au homa yoyote, apone kwanza. Mwongozo wa Endocrine Society, chama cha wataalamu wa homoni, wa 2018 unaweka mpaka wa chini kwenye 9.2 nmol/L, sawa na 264 ng/dL, kwa vijana wasio wanene.

Na hapo kwenye unene ndipo penye mtego. Kilo zikizidi, SHBG hupungua. Hii ni protini inayobeba testosteroni kwenye damu. Jumla inasomeka ndogo wakati ile iliyo huru, inayofanya kazi, inatosha. Aombe SHBG ipimwe pamoja.

Vipimo vyote viwili vikitoka chini, ndipo vinafuata LH na FSH, homoni za tezi ya pituitari zinazoamrisha korodani, pamoja na prolaktini, homoni ya maziwa. LH ikiwa juu, tatizo liko kwenye korodani zenyewe. Ikiwa chini, au ya kawaida tu, tatizo liko kwenye pituitari kichwani, na prolaktini iliyopanda sana inaweza kuwa dalili ya uvimbe ambao mara nyingi hutibika kwa vidonge. Akijichoma tu, hamu inaweza kurudi na uvimbe ukaendelea kukua bila mtu kujua. Apime na sukari, na aulizwe kama anakoroma mpaka pumzi inakata, au anatumia tramadol au prednisolone. Yote hayo hushusha testosteroni, na dawa yake si sindano ya testosteroni.

Mfamasia_wa_Zamu
Piga hesabu ya hicho kichupa. Dozi ya kawaida ya enanthate ni mg 75 hadi 100 kwa wiki, au 150 hadi 200 kila wiki 2. Yeye anaambiwa 250 kila wiki, tena hapo tumeiamini lebo. Dozi kubwa huongeza chembe nyekundu mpaka damu inakuwa nzito, ndiyo maana hospitali hupima hematokriti, yaani asilimia ya chembe nyekundu kwenye damu, kabla ya kuanza, tena kati ya mwezi wa 3 na wa 6, halafu kila mwaka. Ikivuka 54% dawa inasimamishwa. Gym nani atampima?

Kingine ni mafuta yanayobeba dawa. Sustanon, sindano nyingine ya testosteroni, imo kwenye mafuta ya karanga, kwa hiyo mwenye mzio wa karanga haruhusiwi kuitumia. Nebido, nayo ya testosteroni, ni ml 4 zenye mafuta ya nyonyo: muuguzi anaisukuma taratibu kwa dakika 2, kisha mgonjwa anakaa chini ya uangalizi, kwa sababu mafuta yakifika mapafuni yanaleta kikohozi na kubanwa pumzi. Hicho kichupa kina mafuta gani? Dawa ya cheti inunuliwe famasi, iwe imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, yenye namba ya bechi na tarehe ya kuisha kwenye boksi na kwenye chupa zikilingana.

Mkunga_Uzazi
Mbona hakuna aliyemgusa mtoto wa pili? Sindano hii huzima LH na FSH, na korodani huacha kutengeneza mbegu. WHO iliwahi kuijaribu enanthate mg 200 kila wiki kama uzazi wa mpango wa wanaume, matokeo yakachapishwa 1990: wengi walifika mbegu sifuri ndani ya miezi 6. Mdogo wako anauziwa zaidi ya hapo! Mbegu hurudi kwa wengi wakiacha, lakini inachukua miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka. Anayetafuta mtoto haanzishiwi testosteroni. Apime mbegu, na tatizo likionekana ni la pituitari, daktari bingwa ana njia nyingine, kama dawa za hCG au klomifeni zinazoamsha korodani.

Kaka_Mkubwa
Asanteni sana. Nimembana, kumbe ameshajichoma mara 2, ya mwisho juzi, na kichupa wanatumia watu 3. Apime kesho asubuhi?

Daktari_Homoni
Homoni asipime sasa, atasoma dawa aliyochoma na LH itakuwa imelala. Aache, na daktari ampangie tarehe baada ya wiki kadhaa. Kinachowahi ni kingine: kama walichangia sindano, au kuna aliyechovya sindano iliyotumika kwenye kichupa, aende kituo cha afya leo hii. Dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, na juzi tayari imekula nyingi. Apimwe na homa ya ini B.

Mfamasia_wa_Zamu
Amwangalie pia mahali alipochoma. Pakiwa pagumu, pa moto na pekundu, asikamue wala kukanda. Jipu la ndani ya msuli hupasuliwa hospitali. Kichupa aende nacho, daktari akione.