Mlio wa kuja na kupotea kwenye Prado: beringi, spaida au transfa nzima?

Dereva_Rongai (Jumatatu, saa 2:40 usiku)
Habari zenu wanajukwaa. Gari langu lina mlio unaokuja na kuondoka. Kuna siku naenda mjini na kurudi kimya kabisa, kesho yake ni ng'uu-ng'uu-ng'uu kuanzia Galleria hadi nyumbani. Nimeshapita kwa mafundi watatu. Wa kwanza, pale Kirinyaga Road, anasema ni beringi za mbele, 22,000 pamoja na kazi. Wa pili, Industrial Area, anasema transfa (sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma) imekwisha na anayo ya mtumba kutoka Japani kwa 95,000. Wa tatu ni jirani yangu, yeye ametikisa propela (ile shafti ndefu ya chini inayopeleka nguvu kwenye magurudumu) akasema ni spaida tu, yaani kile kiungo chake cha kukunjika, 9,000. Alhamisi ya wiki ijayo tunaanza safari ya Loiyangalani kupitia Maralal, familia nzima. Siwezi kufanya yote matatu. Mngechagua lipi?

Gurudumu_Nne
Ndugu, Prado gani? Ya mwaka gani? Ni 4WD (magurudumu yote manne yanavuta) ya muda wote au ya kuingiza? Mlio unatokea mwendo gani, ukiwa umekanyaga mafuta au umeachilia? Bila haya tunakupigia ramli tu.

Dereva_Rongai
Samahani, nimeandika kwa haraka. Prado 120 ya 2006, dizeli, otomatiki. Mlio nausikia zaidi kati ya 60 na 80. Habari ya mafuta sijaangalia.

Gurudumu_Nne
Basi hiyo ni ya muda wote, maana yake propela ya mbele inazunguka kila wakati gari linatembea, hata kwenye lami. Anza na jaribio la bure. Ukiwa 80 kwenye barabara tupu iliyonyooka, bila gari nyuma yako, weka N (gia huru) na uliache liteleze. Mlio ukiendelea vilevile, injini na maunti zake (mipira inayoishikilia) ziondoe kwenye orodha. Kisha yumbisha usukani polepole kushoto na kulia. Ukipinda kushoto uzito unalalia upande wa kulia, kwa hiyo mngurumo ukipanda hapo, shuku beringi ya kulia. Usipobadilika kabisa, kwa nini ununue beringi?

Mama_Syokimau
Mbona hakuna anayeuliza tairi? Mimi nilihangaika miezi miwili na mngurumo kama huo, kumbe tairi za nyuma zilikuwa zimelika kwa mawimbi. Pitisha kiganja juu ya tairi kwenda mbele, kisha kurudi nyuma. Ukihisi meno kiganja kikienda na ulaini kikirudi, au kinyume chake, umepata. Badilisha za mbele ziende nyuma, usikie kama mlio umehama nazo. Na je, umepita barabara ya murram hivi karibuni? Kokoto ikiingia kati ya diski ya breki na lile bati la nyuma yake, inalia, inanyamaza, inalia tena. Wakati mwingine ukirudi rivasi kidogo inaanguka yenyewe.

Dereva_Rongai
Asante dada. Tairi ni za mwaka jana, nitazipapasa kesho. Lakini mlio huu hausagi kama kokoto. Ni wa kuzunguka, unapanda na kushuka.

Mzee_wa_Limuru
Wanangu, nisomeni kwa utulivu maana jambo hili lilitaka kuniua. Nilikuwa na Land Cruiser 80, nayo ni ya muda wote. Mlio ulianza hivyohivyo, wiki hii upo, wiki ijayo haupo. Nikaipeleka gereji moja kubwa hapa mjini, yenye sare na risiti. Wakabadilisha beringi za mbele pande zote. Kimya siku nne, ukarudi. Wakasema bushi. Nikalipa. Ukarudi. Wakasema maunti ya giaboksi. Nikalipa tena. Kila mara wakiingia chini ya gari walishika propela, wakaitikisa, wakasema iko imara, haichezi. Na kweli haikuwa inacheza! Tulikuja kujua baadaye kwamba spaida ya mbele, upande wa transfa, ilikuwa imekauka grisi ikashikana kwa kutu. Iliyolika inacheza mkononi. Iliyoshikana haichezi hata kidogo, ukiitikisa utadhani ni mpya. Lazima uteremshe propela ndipo uikunje kwa mkono, na hapo ndipo unahisi inakwama katikati.

Basi, tukitoka Mai Mahiu kuelekea Narok, tukiwa tumeikaribia Suswa, ikakatika. Propela ikaning'inia upande wa difu (ule mpira wa gia ulio katikati ya magurudumu ya mbele), ikawa inapiga chini ya gari kama nyundo. Mke wangu alikuwa mbele, wajukuu wawili nyuma. Nilisimama bila kukanyaga breki kwa nguvu, namshukuru Mungu hapakuwa na lori. Kijana mmoja wa pale akafungua nati za upande wa pili, tukaitoa yote, nikafunga difu ya kati (ile ya ndani ya transfa), tukarudi Nairobi kwa magurudumu ya nyuma peke yake. Spaida yenyewe ilinigharimu pesa kidogo kuliko chakula tulichokuwa tumebeba. Kijana wa Rongai, usiende Loiyangalani na mlio usioujua.

Kijana_Embakasi
Pole sana mzee. Lakini kufunga difu ya kati kwenye lami si kunavunja transfa?

Gurudumu_Nne
Kunavunja ikiwa propela zote mbili zipo, kwa sababu kwenye kona magurudumu ya mbele na ya nyuma hayaendi umbali sawa, yanavutana. Ukishaondoa ya mbele hakuna cha kuvutana nacho. Usipofunga ndipo nguvu zitakimbilia mbele ambako hakuna kitu.

Kijana_Embakasi
Ndiyo maana mimi sibanduki kwenye 4WD ya kuingiza, yenye habu (vile vifungio vya katikati ya magurudumu ya mbele) za kufunga kwa mkono. Ukiweka FREE, propela ya mbele inatulia tuli. Mlio ukipotea, umeshajua uko upande gani bila kushika spana.

Mama_Syokimau
Na siku ya mvua kule Kibiko unashuka kwenye tope kufunga habu ukiwa na sketi. Mimi nabaki na ya muda wote.

Fundi_Baba_Dogo
Mimi ni fundi, miaka 17 chini ya gari. Mzee amesema kweli tupu. Naongeza njia ya kuhesabu. Tairi za Prado zikiwa 265/65R17, mzunguko mmoja ni kama mita 2.4. Mwendo wa 10 kwa saa, gurudumu linazunguka mara moja na kidogo kwa sekunde. Propela inazunguka karibu mara nne ya hapo kwa sababu ya uwiano wa difu. Kwa hiyo tafuta uwanja, endesha polepole dirisha likiwa wazi kando ya ukuta. Tak moja kwa sekunde, angalia gurudumu: beringi, tairi, breki. Tak nne kwa sekunde, angalia propela.

Kisha mwambie jirani yako ateremshe propela ya mbele. Ni nati nne kila upande. Weka alama ya rangi kabla ya kufungua, irudi ilivyokuwa, la sivyo utajiletea mtetemo mpya. Funga difu ya kati, tembea kilomita chache. Transfa ya mtumba usiguse kabla ya jaribio hilo. Ile ya Japani nayo ina kilomita zake, na hakuna anayekuonyesha.

Gurudumu_Nne
Na spaida ununue ya kampuni inayojulikana, usichukue zile za bei rahisi.

Fundi_Baba_Dogo
Bosi, hata ya bei ghali bila grisi haifiki mbali. Magari yanakuja kwangu nipoli (vitundu vya kutilia grisi) zimezibwa na tope kavu, mwenye gari hajui kama zipo. Kila sevisi zitiwe grisi, na ile ya kwenye sehemu ya propela inayoteleza usiijaze kupita kiasi.

Dereva_Rongai (Jumamosi, saa 12:15 jioni)
Wakuu, nimerudi. Tairi ziko sawa. Kwenye N mlio uliendelea. Leo tumeteremsha propela ya mbele. Spaida ya upande wa transfa inakwama kidogo ukiikunja, ile nyingine ni laini. Nimetembea hadi Kiserian na kurudi bila propela, kimya. Lakini jana pia ilikuwa kimya nikiwa nayo, kwa hiyo moyo haujatulia. Fundi wa beringi bado anashikilia yake.

Mzee_wa_Limuru
Inayokwama ibadilishwe leo, mwanangu, hata kama siyo iliyokuwa inalia.

Kijana_Embakasi
Loiyangalani mnapitia Baragoi? Mawe ya kule ziwani yanakata tairi ubavuni. Mna spea ngapi?

Dereva_Rongai
Moja.

Mama_Syokimau
Moja haitoshi na watoto ndani. Mimi ninayo moja ya saizi hiyohiyo, njoo uiazime.