Naomba ushauri: kupe wanammaliza mbwa wangu

Habari zenu wakuu. Nina mbwa wawili shambani Handeni, wanalala jirani na zizi la mbuzi. Chanjo ya kichaa cha mbwa wanapata kila mwaka, hilo sifanyii mchezo. Shida ni kupe. Nawaogesha dawa, siku nne tu wamejaa tena masikioni na katikati ya vidole. Sasa jike amekataa hata ugali wa dagaa, fizi zimepauka, anashinda amelala. Huyu ndiye aliyenilindia mbuzi dhidi ya fisi miaka mitano, roho inaniuma. Daktari wa mifugo atafika keshokutwa. Nimsaidieje hadi hapo? Na banda lenye nyufa nilipulizie dawa gani isiyodhuru mbuzi?