Kikundi cha Familia: Katuni za Likizo Hii

Shangazi Zuhura: Jamani mpo? Nasri kajaziwa katuni kwenye flashi pale kibandani. Napita sebuleni nakuta baba mmoja ana masharubu na joho jekundu, anawaua wenzake mmoja mmoja, damu mpaka ukutani. Mtoto ana miaka minane! Nimezima. Sasa likizo ndiyo kwanza imeanza, nimwekee nini huyu?

Idi: Shikamoo shangazi. Hiyo ni Invincible, na mwenye masharubu ni Omni-Man. Umefanya vizuri kuzima.

Shangazi Zuhura: Marahaba mwanangu. Ila mwanzoni mbona ilikuwa ya kawaida tu? Kijana wa shule, anajifunza kuruka angani.

Idi: Ndivyo ilivyotengenezwa. Sehemu ya kwanza inakwenda kwa upole, halafu inapokaribia kwisha ndipo baba mtu anageuka. Ilitoka vibonzo vya Robert Kirkman vya mwaka 2003, Amazon wakaanza kuionyesha 2021, na sizoni ya tatu imetoka Februari 2025. Mimi naipenda sana, inauliza mtoto afanye nini akigundua baba yake ni mtu wa aina gani. Lakini ni ya watu wazima.

Mariam: Shikamoo shangazi. Mwenye kibanda akiona michoro anatupia kwenye folda la KATUNI, hafungui kuangalia. Muulize kwanza jina, ulitafute, ndiyo umpe flashi.

Mjomba Hamisi: Hili la kudhani katuni zote ni za watoto limeanza lini? Sisi tulikuwa tunagombania Sani, jarida la vibonzo. Wakina Ndumilakuwili, Lodilofa, Pimbi, Madenge. Na Chakubanga kwenye gazeti la Uhuru, wazee walikuwa wanaanza na yeye kabla ya habari. Mtoto ulikuwa unasubiri wamalize.

Idi: Shikamoo mjomba. Hapo umesema kitu. Chakubanga alikuwa anawasema wakubwa, watoto hawakuwa walengwa kabisa.

Mjomba Hamisi: Marahaba. Sasa mtajie dada yangu za huyo mtoto, asikae na hofu.

Idi: Shangazi, anza na Supa Team 4. Iko Netflix tangu Julai 2023. Aliyeibuni ni Malenga Mulendema, dada wa Zambia, na hadithi yenyewe iko Lusaka: wasichana wanne wa shule wanachukuliwa na bibi mmoja aliyestaafu ujasusi, Mama K, wakaulinde mji. Ndiyo katuni ya kwanza ya Kiafrika ambayo Netflix waliitengeneza kama yao. Nasri ataifurahia, na hutakuwa na haja ya kukimbilia rimoti.

Shangazi Zuhura: Wasichana wanne, atakubali? Yeye anataka wanaume wenye misuli.

Idi: Mwekee sehemu mbili bila kumwambia kitu, umuone.

Mariam: Ya pili iwe Iyanu. Imetoka Aprili 2025. Msichana yatima anagundua ana nguvu, na ulimwengu wake wote umejengwa juu ya mambo ya Wayoruba, majina, mavazi, kila kitu. Ilianza kama vibonzo vya Roye Okupe wa Nigeria, ambaye kwa miaka alikuwa anajichapishia mwenyewe kabla kampuni ya Dark Horse ya Marekani haijamchukua. Huyo mtu namheshimu sana.

Idi: Na Kizazi Moto. Jina Kiswahili kabisa! Filamu fupi kumi, Julai 2023, wakurugenzi wa nchi mbalimbali za Afrika. Jirani zetu wamo: Ng'endo Mukii wa Kenya katengeneza Enkai, mtoto wa kimungu anayejaribu kuumba dunia yake kama mama yake. Raymond Malinga wa Uganda katengeneza Herderboy, mvulana anataka kuwa mchungaji wa ng'ombe katika ufalme wa Wachwezi, wale watawala wa kale wa masimulizi ya Uganda, ila wa zama zijazo, mwili nusu mashine. Niliposikia Wachwezi kwenye katuni ya mashujaa nilirudisha nyuma nisikie tena. Msimamizi mkuu wa kazi yote ni Peter Ramsey, mmoja wa wakurugenzi watatu wa ile Spider-Man ya 2018 iliyochukua Oscar. Ila chache zinatisha, shangazi, kaa naye.

Mjomba Hamisi: Kenya wamo, Uganda wamo. Sisi je?

Idi: Sisi tuna Ubongo Kids, inatengenezwa hapahapa Dar tangu 2014. Ya hesabu na sayansi zaidi, mashujaa hapana. Mjomba, hilo linaniuma kweli. Wachoraji tunao, hadithi tunazo, na Sani ilishaonyesha kwamba watu wananunua.

Mama Nasri: Na sisi watu wazima? Baba Nasri anauliza, yuko hapa pembeni.

Idi: Shemeji aangalie X-Men '97, Machi 2024. Inaendelea pale ilipokomea ile katuni ya X-Men ya miaka ya tisini. Sehemu ya tano ajiandae.

Lakini kama anasoma vibonzo, mpe Ultimate Spider-Man ya Jonathan Hickman na mchoraji Marco Checchetto, ilianza Januari 2024. Humo Peter Parker ana ndevu, ana mke na watoto wawili, na bado hajang'atwa na yule buibui wa kumpa nguvu. Kuna mtu aliiba maisha aliyopaswa kuyaishi. Kisha analetewa yule buibui na kuambiwa, chagua. Sasa fikirini baba mwenye familia, kila kitu kimetulia, anaambiwa achague. Kijana wa miaka 15 hakuulizwa, aling'atwa tu. Huyu anajua anachoweza kupoteza. Sijasoma kibonzo kilichonishika hivyo kwa muda mrefu.

Mjomba Hamisi: Hiyo nitafutie na mimi.

Idi: Sawa mjomba. Kuna na Absolute Batman, Oktoba 2024, Batman hana utajiri, mama yake yu hai, naye Batman mwenyewe ni mhandisi wa mji tu. Kali, ya wakubwa.

Mariam: Aisha naye nisimsahau. My Hero Academia, manga (vibonzo vya Kijapani) ya Kohei Horikoshi. Ilianza 2014, ikamalizika Agosti 2024, kwa hiyo anaisoma yote bila kungoja wiki. Dunia ambayo karibu kila mtu anazaliwa na kipaji, na mvulana mmoja kazaliwa hana. Apakue programu ya MANGA Plus, ni ya wachapishaji wenyewe wa Japani. Kurasa hazili bando kama video. Na unasoma kutoka kulia, kama juzuu ya madrasa.

Shangazi Zuhura: Mariam, haina uchafu?

Mariam: Mapigano yapo, shangazi, na kuna kijana mmoja mdogo wa kero anayewasumbua wasichana. Kwa miaka yake 15 anaweza. Ongea naye tu.

Aisha: Shikamooni wote. Dada Mariam nimeshapakua, nimemaliza sura ya tatu, ya nne imefungwa 😭

Mariam: Bure ni tatu za mwanzo na tatu za mwisho. Usirukie za mwisho, nakusihi! Nina juzuu za karatasi hadi ya sita, Ijumaa nakuletea.

Aisha: Asante dada. Nasri anaangalia Supa Team 4, sehemu ya tatu sasa. Hataki kuja kula.