Mashine ya matundu ya ulimi imenishinda kuiweka sawa, mafundi nisaidieni

Fundi wa Keko:
Wakuu, salaam. Nina karakana ndogo hapa Keko, natengeneza meza na vitanda vya mninga. Mwezi uliopita nilipata ile mashine ya mkononi inayotoboa tundu refu ubavuni mwa mbao, kisha unachomeka ulimi, kile kipande bapa cha mbao kinachounganisha mbao mbili, uliokatwa tayari kiwandani. Shemeji alinibebea kutoka Ujerumani. Imenitoka zaidi ya milioni 3, hela niliyodunduliza miaka miwili.

Tatizo ni kwamba nikiunga mbao za juu ya meza, moja inapanda juu ya mwenzake. Ni nusu milimita hivi, lakini ukipitisha kucha inakwama. Kipimo cha kimo, kile kinachopanga tundu liwe umbali gani kutoka usoni mwa mbao, nimekigusa mpaka nimechoka: leo inakaa, kesho imerudi palepale. Na nikiunga reli, ile mbao ya chini ya meza inayoshika miguu, kwenye mguu, upande mmoja wa kiungio unafunga, wa pili unabaki na mwanya. Nina meza ya watu 8 ya mteja na siku zimebaki 9. Nimerudi kwenye patasi, mashine iko kwenye sanduku lake, na roho inaniuma kila nikiliona. Niiuze, au kuna kitu sikioni?

Patasi Kali:
Pole sana mkuu. Mimi ningeiuza. Miaka 20 natoboa kwa patasi na nyundo na sijawahi kugusa skrubu ya kipimo.

Mama Samani:
Usiuze kwanza. Nijibu maswali mawili. Hiyo fensi ya mbele, lile bamba la mashine linaloegemea mbao, unapotoboa unaikalisha uso gani wa mbao? Na mbao zako zote zina unene mmoja?

Fundi wa Keko:
Naikalisha uso wowote ulio juu wakati huo, dada. Mbao nilirandisha kwa jirani. Nimezipima sasa hivi: moja milimita 22, nyingine 21.4.

Mama Samani:
Basi kimo chako hakina kosa, kiache. Fanya hesabu. Tuseme umeweka milimita 11. Mbao ya 22 umeitoboa kutoka juu, tundu liko 11 chini ya uso. Ile ya 21.4 imelala kifudifudi, umeitoboa kutoka chini, kwa hiyo ukiigeuza tundu liko 10.4 kutoka juu. Tofauti ni 0.6, ndiyo hiyo inayokwaza kucha yako. Siku zilizokaa sawa ni siku ambazo mbao zote zililala upande mmoja kwa bahati.

Chukua penseli, weka alama kubwa kwenye uso wa juu wa kila mbao, na fensi isikalie uso mwingine kamwe. Hata kama kimo kimekosea milimita nzima, matundu yatakutana, kwa sababu yote yamekosea sawasawa. Unene unaozidi utabaki chini ya meza ambako hakuna mtu anapapasa.

Nakuru Mbao:
Dada amemaliza hilo la kwanza. Mwanya wa reli ni jambo lingine: fensi yako haisimami digrii 90 kamili. Lakini kabla ya kuigusa, pima guniya yenyewe, kile kipimo chako cha pembe ya digrii 90. Iegemeze kwenye ukingo ulionyooka, chora mstari, igeuze upande wa pili, chora tena kutoka nukta ileile. Mistari ikiachana, guniya ni mbovu, na nafasi unayoiona ni mara mbili ya kosa lake. Mimi nilirekebisha mashine wiki nzima kwa guniya iliyowahi kuanguka kwenye simiti.

Halafu mikono. Wa kushoto ubane fensi chini, wa kulia usukume tu, polepole. Mota ni nzito. Ukiilalia kwa nyuma, fensi inainuka mbele na tundu linaingia kimshazari.

Randa ya Tanga:
Niongeze la huku pwani. Ndimi za kiwandani hukaushwa sana, zikikaa wazi kwenye joto letu la unyevu zinavimba. Ukizigonga kwa nguvu unadhani tundu limekosea. Ziweke kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Za kujaribia zipige msasa kidogo ziingie kwa vidole.

Fundi wa Keko:
Nimerudi. Guniya yangu ya chuma ni mbovu, mistari iliachana karibu milimita moja kwenye sentimita 20. Nimeazima nyingine, fensi ilikuwa imelegea kwenye skrubu ya 90, nimeikaza. Kisha nikachukua vipande viwili vya mninga, alama juu, nikatoboa, nikachomeka bila gundi. Nimepitisha kucha mara nne, nikamwita kijana wangu naye apitishe. Haikwami popote.

Reli naanza kesho asubuhi. Mama Samani, mguu wenyewe ni mnene, milimita 70. Nao niweke alama uso wa nje?

Mama Samani:
Ndiyo, nyuso zote mbili za nje, zile zinazoelekea upande mmoja na uso wa nje wa reli. Na kila baada ya tundu, puliza unga wa mbao chini ya fensi.